Kabla ya Kupiga Makofi, Tuonyesheni Karatasi

Ukifuatilia kurasa za vyuo vikuu vyetu hapa Kenya, kuna picha moja unaiona karibu kila wiki. Meza ndefu imefunikwa kitambaa, bendera mbili ndogo katikati, Naibu Chansela upande huu, mgeni kutoka Ulaya, Uchina ama Marekani upande ule, kila mmoja na kalamu mkononi. Nyuma yao watu kumi wamesimama wakitabasamu. Maneno chini ya picha ni yaleyale: chuo chetu kimetia saini mkataba wa maelewano utakaofungua milango kwa wanafunzi, utafiti na uvumbuzi.

Sisi nasi tunapongeza, tunashea, maisha yanasonga.

Swali langu ni moja tu: ile karatasi imeandikwa nini?

Sizungumzii picha, nazungumzia karatasi. Nani analipa nini, na nani anachukua nini? Damu ya mgonjwa wa Kisumu ikitolewa kwa utafiti na kupelekwa ng'ambo, inakuwa ya nani? Dawa ikipatikana, jina la nani litaandikwa? Na huyo mshirika akiamua kufunga virago kesho asubuhi, nani anabaki na mzigo?

Mjadala wa serikali kusimamia mikataba ya vyuo vikuu na wageni umeshika moto duniani, na hapa kwetu pia unakuja, upende usipende. Kwa hivyo nitoe msimamo wangu mapema. Serikali isimamie, ndiyo. Lakini kazi yake ya kwanza iwe kufungua, sio kufunga. Daftari la umma kwanza. Mhuri wa ruhusa uje baadaye, tena kwa mambo machache yanayoeleweka. Na kipimo kisiwe mgeni ametoka nchi gani. Kipimo kiwe anaondoka na nini.

Wacha nieleze kwa nini nasema hivyo.

Mnalijua Ziwa Bogoria, kule Baringo. Maji ya chemchemi zake yanachemka, na ndani yake kuna vijidudu vinavyoishi kwenye moto ambao mimi na wewe tungeiva. Mwaka 1992 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli huko. Baadaye kampuni ya Marekani, Genencor, ikatengeneza vimeng'enya kutokana na vijidudu vya aina hiyo. Vikaingia kwenye sabuni za kufulia na kwenye kazi ya kufubaza nguo za jinzi. Ndiyo, zile jinzi zinazouzwa zikiwa tayari zimechakaa kimtindo.

Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai fungu la Kenya, likisema halikuwahi kuruhusu biashara. Kampuni ikajitetea. Mvutano ukaanza wakati pesa imeshatengenezwa na mali imeshaondoka miaka kadhaa. Jamii ya Waendorois, wenyeji wa ziwa lile, walikuwa wamefurushwa kwenye ardhi yao tangu miaka ya 1970. Hata uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba walidhulumiwa ulitangazwa 2010. Hebu fikiria: vijidudu vya ziwa lenu vinafua nguo za watu duniani, na nyinyi hata kufika kwenye hilo ziwa ni kesi.

Kisa cha pili kinauma zaidi, kwa sababu hapa chuo kikuu chetu kilikuwa ndani kabisa.

Kuanzia miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Canada, walifanya kazi na wanawake waliokuwa wakiuza ngono mtaani Majengo, Pumwani. Wakagundua jambo lililoshangaza ulimwengu: baadhi ya wale wanawake walikuwa wakikutana na virusi vya ukimwi mara kwa mara lakini hawaambukizwi. Kutokana na miili yao likazaliwa wazo la chanjo, na Chuo Kikuu cha Oxford kikashirikiana na Nairobi kuitengeneza. Majaribio kwa binadamu yalianza Oxford mwaka 2000, kisha yakaja Nairobi 2001.

Mwaka huohuo wa 2000 ikajulikana kwamba wenzetu wa Uingereza walikuwa wameomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, na majina ya Wakenya hayakuwamo. Kukawa na kelele nyingi. Baadaye pande zote zikakaa chini upya na kukubaliana jinsi ya kugawana umiliki. Chanjo yenyewe haikufaulu. Kufikia 2004 matokeo yalikuwa yamevunja watu moyo. Kwa hivyo hakuna bilioni zilizopotea. Lakini jiulize, kama ingefaulu? Kama lile jambo lingegunduliwa miaka kumi baadaye, dawa iko sokoni, na mama wa Majengo anaambiwa aende akainunue?

Angalia visa hivi viwili vizuri. Hakuna Mchina hata mmoja ndani yake. Wahusika ni vyuo vya Uingereza na kampuni ya Marekani, marafiki zetu wa jadi. Nasema hivi kwa sababu mjadala wa huko nje umejaa hofu ya Uchina, na sisi tunaweza kuukopa mzimamzima bila kufikiri. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka 2005 pamoja na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza Afrika. Je, tuulize mkataba wake unasemaje? Tuulize kabisa. Lakini tuuulize kwa sauti ileile tunayowauliza Waingereza, Wamarekani na Wajerumani. Mgeni ni mgeni. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, sio mgeni njoo mwenyeji apokonywe.

Sasa, wenzetu wamefanya nini?

Marekani ina sheria ya miaka mingi inayolazimisha vyuo kutangaza zawadi na mikataba kutoka nje ikifika dola 250,000 kwa mwaka. Australia imeenda mbali zaidi. Mwaka 2020 ilipitisha sheria inayotaka serikali za majimbo na vyuo vikuu vya umma kuijulisha serikali kuu kuhusu mikataba yao na serikali za kigeni, na pia na vyuo vya kigeni visivyojitawala. Kuna daftari la mikataba ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua kwenye intaneti. Na Waziri wa Mambo ya Nje anaweza kuufuta mkataba akiona unagongana na sera ya nje ya nchi. Aprili 2021 waziri aliitumia nguvu hiyo kufuta mikataba minne ya jimbo la Victoria: miwili na Uchina, mmoja na Iran, mmoja na Syria.

Kwenye sheria hiyo mimi nachukua nusu na kuacha nusu. Daftari nalichukua kwa mikono miwili. Kalamu ya waziri ya kufuta, hapana, asante.

Kwa nini hapana? Kwa sababu naishi Kenya.

Si mnakumbuka Julai 2022? Serikali ilitaka kumega ardhi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na sehemu yake ilikuwa ya kituo cha dharura cha Shirika la Afya Duniani. Naibu Chansela akakataa kutoa ardhi ya chuo vivi hivi. Kilichofuata mlikiona: baraza la chuo likavunjwa na yeye akaondolewa ofisini. Utawala ulipobadilika, akarudishwa. Sisemi kituo kile ni kibaya. Nchi iliyopitia Corona inajua thamani yake. Ninachosema ni kwamba siku ile aliyekuwa akisukuma mali ya chuo kwenda kwa mshirika wa nje hakuwa Naibu Chansela. Ilikuwa serikali yenyewe. Na aliyekuwa akiuliza maswali ndiye aliyefurushwa.

Halafu ongeza hili. Mikataba ya reli ya SGR ilifichwa miaka mingi, mpaka Mahakama Kuu ikaagiza Mei 2022 ianikwe. Desemba 2025 serikali ikatia saini makubaliano ya afya na Marekani, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu ya kupeana data za afya za Wakenya, baada ya watetezi wa haki za watumiaji kwenda kortini. Sasa serikali ambayo mikataba yake yenyewe tunaisoma kwa amri ya hakimu, ndiyo unaipa ufunguo wa kufunga mikataba ya vyuo gizani? Utakuwa umehamisha siri kutoka kabati moja hadi lingine.

Kuna hofu nyingine ambayo wahadhiri wanaisema kwa sauti ya chini. Ukimpa waziri nguvu ya kufuta mkataba wa utafiti, siku moja atafuta utafiti unaomkera. Utafiti wa mauaji ya polisi. Utafiti wa ardhi iliyonyakuliwa. Utafiti wa sumu kwenye mito karibu na viwanda vya wakubwa. Atasema ni maslahi ya taifa, na hatalazimika kueleza zaidi. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa wasomi na wa utafiti wa kisayansi. Uhuru huo una maana gani kama pesa za utafiti zinapita mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa mwanasiasa?

Lakini pia sikubaliani na wale wanaosema serikali ikae kando kabisa, ati vyuo vinajitawala. Chuo cha umma kinajitawala kwa pesa za umma, ardhi ya umma na jina la umma. Ukitia saini kwa jina letu, sisi tuna haki ya kusoma. Methali ilishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na tusijifanye hatuoni kinachovisukuma vyuo kutia saini haraka. Vyuo vyetu vya umma vinadaiwa mabilioni. Wahadhiri wanagoma karibu kila mwaka. Maabara zina vifaa vya enzi za wazazi wetu. Mgeni akija na darubini mpya na gari la utafiti, nani atasimama kusoma ukurasa wa kumi na saba kuhusu umiliki wa data? Mwenye njaa hachagui mboga. Upande wa mgeni una ofisi nzima ya mawakili wa haki za uvumbuzi. Upande wetu, pengine, kuna karani mmoja wa sheria ambaye wiki hiyo pia anashughulika na kesi ya mlinzi aliyefutwa kazi. Hapo hakuna majadiliano, kuna mtu anayeonyeshwa mahali pa kutia saini.

Wanafunzi nao huambulia nini? Nitatoa mfano nilioushuhudia bila kutaja chuo. Darasa letu liliandikishwa kwa kozi iliyonadiwa kwa maneno "kwa ushirikiano na" chuo kimoja cha Ulaya. Nembo ya hicho chuo ilikuwa kwenye kabrasha, kwenye bango la getini, hadi kwenye kalamu tulizopewa wiki ya kwanza. Miaka minne ikapita. Hakuna mhadhiri wa huko aliyewahi kutufunza, hata kwa video. Hakuna aliyeenda kubadilishana masomo. Tulipouliza, tukaambiwa mkataba ulikuwa wa "nia ya kushirikiana" na ulikuwa umeisha muda wake tukiwa mwaka wa pili. Kumbe tulikuwa tumesoma kozi ya kalamu! Karatasi ingekuwa wazi tangu mwanzo, kila mzazi angeona tarehe ya mwisho kabla ya kuuza ng'ombe.

Ushirikiano mzuri upo, na nitaupigia makofi mchana kweupe. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani wamefanya kazi pamoja Eldoret tangu karibu 1990. Kutoka hapo ukazaliwa mpango wa AMPATH, ambao umefunza madaktari na kuhudumia watu wengi sana wenye virusi vya ukimwi magharibi mwa Kenya. Huo sio ushirikiano wa picha. Lakini hata huo una somo. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma za HIV zilitikisika kote nchini, na mpango mzuri kama huo hauwezi kujikinga na uamuzi uliofanywa Washington usiku mmoja. Kwa hivyo kila mkataba mkubwa unafaa kujibu swali la siku ya mwisho: mkiondoka, wagonjwa wanaenda wapi, vifaa vinabaki kwa nani, rekodi ziko mkononi mwa nani?

Sheria za kuanzia tunazo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ipo chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. NACOSTI hutoa leseni za utafiti kwa sheria ya 2013. Tuna kanuni za 2006 kuhusu kuchukua rasilimali za kijenetiki na kugawana faida, tuna Itifaki ya Nagoya tuliyoiridhia, tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Shida ni kwamba kila ofisi inashika sikio moja la tembo. Huyu anaangalia kozi, yule leseni, mwingine sampuli, mwingine data. Mkataba mzima, karatasi yote kwa pamoja, anausoma nani?

Mimi napendekeza mambo manne.

Kwanza, daftari la umma. CUE ifungue tovuti moja. Kila chuo, cha umma na cha kibinafsi, kiweke mkataba wake na mshirika wa kigeni ndani ya siku 30 baada ya saini: mshirika ni nani, pesa ni ngapi, muda ni upi, nini kinatoka nchini, matokeo ni ya nani, na nini kinatokea ukivunjika. Siri halisi za uvumbuzi zifunikwe kwa wino, lakini mstari, sio ukurasa mzima. Mkataba wa kubadilishana wanafunzi ama kualika mhadhiri uandikishwe tu, basi. Usisubiri ruhusa ya mtu.

Pili, ukaguzi kabla ya saini uwe kwa vitu vinne pekee: sampuli za miili ya watu, rasilimali za kijenetiki kama mimea, mbegu na vijidudu, data binafsi za wananchi, na ardhi. Ukaguzi ufanywe na jopo lenye NACOSTI, ofisi ya Kamishna wa Data, wahadhiri, wanafunzi na mwakilishi wa jamii inayoguswa. Mtu wa Bogoria aulizwe kuhusu Bogoria.

Tatu, jopo liwe na saa ukutani. Likae siku 60, likinyamaza ihesabiwe limekubali. Likikataa, litoe sababu kwa maandishi, na chuo kiwe na haki ya kukata rufaa. Watafiti wanaogopa urasimu, na wana haki kuogopa. Ufadhili una tarehe ya mwisho, na faili ikilala mezani mwa mtu anayesubiri chai, utafiti unahamia nchi jirani.

Nne, serikali isiwe askari wa getini tu. Iweke kikosi cha mawakili wa haki za uvumbuzi ambacho chuo chochote kinaweza kukiita bure kabla ya kutia saini. Chuo kichanga cha Turkana ama Garissa hakiwezi kuajiri wakili wa hataza. Ukikisimamia bila kukisaidia, unakiadhibu kwa umaskini uliokisababishia wewe mwenyewe kwa kukinyima mgao wake.

Najua mtu ataandika hapa chini: "Utawafukuza wageni na masharti yako." Nauliza, ni mgeni gani huyo? Baadhi yao hutangaza mikataba yao kwao kwa sababu sheria zao zinawalazimisha. Mshirika anayekubali kuanikwa kwao lakini anataka giza akifika Nairobi, huyo mwache aende, tutamsindikiza hadi uwanja wa ndege.

Na hatuhitaji kungoja Bunge ndio tuanze. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu wewe, raia wa Kenya, kuandikia taasisi ya umma na kuomba habari. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Sheria yenyewe inasema hivyo. Kuwasilisha ombi ni bure, ingawa unaweza kulipia gharama ya nakala. Wanapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Kuna habari wanazoweza kukunyima, kama siri halali za kibiashara, lakini wakikunyima wanatakiwa kukupa sababu, na usiporidhika unapeleka malalamiko kwa Ombudsman.

Kwa hivyo komredi, mzazi, mhadhiri: chagua mkataba mmoja uliouona kwenye ukurasa wa chuo chako mwaka huu. Andika barua ya mistari mitano. Uliza pesa, muda, umiliki na siku ya mwisho. Weka tarehe, tunza nakala, hesabu siku 21. Ukijibiwa, weka jibu hadharani tulisome pamoja. Usipojibiwa, weka hadharani pia, maana kunyamaza nako ni jibu.